Mabakuli ya Udongo ya Wapueblo

Mabakuli ya Wapueblo ni vyombo vya udongo vilivyofinyangwa kwa kupakulia chakula na kukandia unga katika vijiji vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico na Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani. Ufinyanzi huu kwa desturi ulikuwa kazi ya wanawake, nao hawakutumia gurudumu. Ukuta wa chombo hupandishwa kwa kamba za udongo, hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu, kisha husuguliwa kwa jiwe la mtoni mpaka ung'ae. Mawe hayo hurithishwa mabinti na wajukuu. Rangi hupakwa kwa jani la mmea wa yuka lililotafunwa ncha, na vyombo huchomwa uwanjani, mara nyingi kwa samadi ya kondoo.

Udongo mtupu hupasuka motoni, hivyo huchanganywa na kitu kingine, na kwa mchanganyiko huo mtaalamu hutambua kijiji. Zia husaga basalti, San Ildefonso hutia majivu ya volkeno. Acoma na Zuni husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, kwa hiyo bakuli jipya la Acoma huenda likawa na chembe za mtungi uliotumiwa na vizazi vya nyuma. Udongo wa Taos na Picuris una madini ya ulanga ndani yake, nao hustahimili moto wa jikoni. Vyungu vyake humetameta bila kupakwa rangi yoyote.

Bakuli kubwa la kukandia, ambalo huenda likadhaniwa la kale kuliko yote, lilihitajika baada ya Wahispania kuleta ngano na tanuri la mkate. Kabla ya hapo unga ulikuwa wa mahindi. Bakuli hilo kwa kawaida hupambwa nje tu, kwa kuwa ndani mikono ingefuta michoro. La kulia chakula, hasa la Zuni na Hopi, huchorwa ndani, na mlaji huona pambo kadiri mchuzi unavyopungua. Sehemu zilizolika kwa kukwanguliwa, ambazo wanunuzi wengine huziona kasoro, ndizo ushahidi bora wa matumizi.

Reli ilipofika Albuquerque mwaka 1880, ndoo na sahani za bati zilianza kuviondoa vyombo hivi jikoni, huku watalii wakitaka vidogo vya kubeba. Vyombo vyeusi vya Maria Martinez wa San Ildefonso (1887–1980), vilivyopata sifa duniani, havikufaa kuwekwa maji wala mchuzi. Hata hivyo, vyungu vya ulanga bado hupikiwa maharage.