Pembe za Mombasa: lango lililojengewa mgeni asiyefika

Msafiri anayeshuka basi la usiku kutoka Nairobi na kukodi tuktuk kuelekea Kilindini hupita chini ya pembe nne kubwa nyeupe, jozi moja juu ya kila upande wa Barabara ya Moi. Mgeni asiyewahi kuziona humwomba dereva asimame. Wengine huuliza kama ni za ndovu wa kweli. Ukizikaribia ukaona maungio ya vipande vya bati, ukagonga kwa ngumi na kusikia utupu ulioko ndani, jibu unalo: ni alumini. Mwaka 2026 zinatimiza miaka 70 katika umbo hili tunalolijua, na ni aibu kwamba umri huo wote umepita na hadithi tunayowapa wageni ni nusu tu, tena nusu iliyopinda.

Hadithi yenyewe kila mtu anayo. Wapiga picha wanaoshinda pale Mapembeni, penye pembe hizo, watakuambia, na baadhi ya waongoza watalii watarudia, kwamba pembe zilijengwa mwaka 1952, Malkia Elizabeth akapita chini yake. Mwaka ni kweli. Jina la mgeni pia ni kweli. Kupita ndiko hakukuwako.

Aliyenishikia kidole nifuate jambo hili ni mwalimu mstaafu wa historia anayeishi Ganjoni, ambaye jirani zake wote humwita Maalim. Yeye hakubali hadithi hiyo hata kwa adabu. Kila anapoisikia humkalisha msemaji na kumhesabia tarehe za Februari 1952 moja moja, na tarehe hizo mtu yeyote anaweza kuzihakiki.

Elizabeth alitua Nairobi tarehe 1 Februari, akiwa binti mfalme wa miaka 25, pamoja na mumewe Philip. Baba yake, Mfalme George wa Sita, alikuwa mgonjwa, naye bintiye akawa anamwakilisha katika ziara ndefu ya Ceylon, Australia na New Zealand. Kenya ilikuwa kituo cha kwanza tu. Kutoka Nairobi wageni walipanda hadi Sagana, karibu na Mlima Kenya, kwenye nyumba ambayo serikali ya koloni iliwapa kama zawadi ya harusi. Baada ya hapo ilikuwa washuke Mombasa, wapande meli, waendelee na safari.

Meli hiyo iliitwa Gothic. Ilikuwa imetiwa nanga Kilindini, imepakwa rangi nyeupe kwa ajili ya ziara, na sehemu ya mizigo ya msafara ilikwisha kutangulia. Mji ulikuwa umejiandaa. Juu ya Barabara ya Kilindini, ndiyo hii ya Moi leo, palisimamishwa pembe mbili za muda, moja kila ukingo, zikainamiana kama lango ili binti mfalme apite kati yake akielekea bandarini. Gavana, Sir Philip Mitchell, alikuwa tayari ameshika njia ya Pwani kwenda kumuaga.

Usiku wa tarehe 5 Elizabeth na mumewe walilala Treetops, kile kibanda kilichojengwa juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Usiku huohuo, au alfajiri yake, mfalme alifariki usingizini huko Sandringham. Binti akawa malkia akiwa juu ya mti, bila yeye wala mwenzake yeyote kujua.

Hapa ndipo Maalim hupunguza sauti na kusimulia taratibu, na mimi pia nimeona ndipo penye uzito. Kenya nzima ya kikoloni, yenye magavana, makarani na mitambo yake ya simu, ilishindwa kumfikishia mwana habari ya kifo cha babake. Inasimuliwa kwamba telegramu ya siri iliyotoka London haikusomeka Nairobi kwa wakati, kwa kuwa wenye dhamana ya kuifumbua walikuwa wameondoka. Mchana wa tarehe 6 habari ilifika Nyeri kupitia mwandishi wa habari. Mwandishi wa gazeti la East African Standard alimpasha katibu wa Elizabeth, Martin Charteris, aliyekuwa Hoteli ya Outspan. Charteris akawapigia simu watu wa Sagana. Philip akaambiwa, naye ndiye aliyemtoa mkewe nje na kumpa msiba.

Jioni ileile waliondoka kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, wakacheleweshwa huko na dhoruba, kisha wakaruka usiku kuelekea London. Alasiri ya tarehe 7 malkia mpya alikuwa amekanyaga ardhi ya Uingereza, Waziri Mkuu Churchill akimngoja uwanjani.

Mombasa ikabaki na lango lake. Gothic ikabaki gatini bila abiria wake. Ilikuja kumbeba malkia huyo katika ziara nyingine ya 1953 na 1954, na safari hiyo haikuanzia kwetu. Kabla mwaka 1952 haujaisha, mwezi Oktoba, serikali ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, na mwaka 1954 kile kibanda cha Treetops kikateketezwa kwa moto. Sisemi pembe zilikuwa na ubashiri wowote. Nasema tu kwamba zilisimamishwa katika wiki ya mwisho ambayo mtawala yeyote wa Kenya ya kikoloni angeweza kudhani mambo yake yametulia.

Mgeni aliyefika kweli ni mdogo wake Elizabeth. Septemba 1956 Princess Margaret alikuja Mombasa, mwanzo wa ziara iliyomfikisha pia Mauritius, Zanzibar na Tanganyika. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaikumbuka ziara hiyo kwa namna nyingine, maana hospitali ya Muhimbili ilibeba jina lake hadi baada ya uhuru. Kwa Margaret, pembe za muda ziliondolewa zikaundwa mpya za alumini, imara. Barabara nayo ilikuwa imepanuliwa ikawa na njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa hivyo jozi moja haikutosha. Zikawa mbili. Ukisimama mbali kidogo, pembe nne zinaonekana kuchora herufi M, na wengi huamini fundi alikusudia M ya Mombasa. Maalim anasema ni upana wa barabara tu uliofanya hivyo. Mimi sioni ubaya mji kuichukua herufi hiyo ikawa yake.

Barabara yenyewe ina makubwa kuliko pembe. Reli nyembamba zilizonunuliwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki kwa ajili ya reli ya bara, mpango uliokufa baada ya maili chache, zilitandikwa kisiwani, na juu yake yakapita matroli ya abiria yakisukumwa na watu kwa miguu na mabega, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Bwana huketi chini ya kivuli cha turubai, wasukumaji hukimbia nyuma yake juani. Iliendelea hivyo hadi miaka ya 1920, magari yalipochukua nafasi. Wasukumaji wale hawana lango.

Wala hawana wale waliozileta pembe za kweli. Hili ndilo linalomkera Maalim kuliko kosa la tarehe. Kwa karne nzima ya 19 Mombasa ilikula na kuvaa kwa pembe za ndovu. Wakamba walizishusha kutoka Kitui na ng'ambo ya Tana. Mmishonari Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai, aliambatana mwaka 1851 na Kivoi, mfanyabiashara wao mashuhuri, katika safari ambayo Kivoi aliuawa njiani. Kusini zaidi misafara ilitoka bara hadi Bagamoyo, pembe zikiwa mabegani mwa wapagazi, zikavushwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar nyingi zilipelekwa Connecticut, Marekani, kukatwakatwa ziwe vitufe vya piano. Sanamu ya pembe bila mpagazi, anasema Maalim, ni sanamu iliyokatwa kiwiliwili. Nakubaliana naye.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka. Barabara ya Kilindini ikaitwa Moi. Bustani iliyo pembeni ikawa ya Uhuru, na chemchemi yake ikafinyangwa kwa ramani ya Afrika. Mwaka 1970 Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi wa rais ndovu Ahmed wa Marsabit, mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, naye akaishi hadi 1974 akafa kifo chake. Wenzake hawakubahatika: ndovu wa Kenya waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 kufikia 1989, mwaka ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe hadharani. Mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 2014, zaidi ya tani 2 zilinaswa hapahapa Mombasa, mtaa wa Tudor, si mbali na zile za alumini ambazo watoto huletwa kupigwa picha.

Nchi iliyochoma pembe zake mara zote hizo inaposimamisha pembe katikati ya mji wake, inapaswa kueleza kwa nini. Serikali ya taifa imeonyesha kwamba bustani ya Mama Ngina inaweza kupendeza tena; ilikarabatiwa ikapokea Sikukuu ya Mashujaa mwaka 2019. Mapembeni panahitaji kidogo tu kuliko pale: rangi isiyoachwa ibabuke, mabango ya matangazo yawekwe mbali, na kibao cha Kiswahili kinachosomeka na mtu aliyesimama kando ya barabara. Kiandikwe 1952 na mgeni aliyerejea kwao na msiba, kiandikwe 1956 na Margaret, kisha mistari iliyobaki wapewe Wakamba, wapagazi na wasukuma matroli. Maalim amekwisha kuandika rasimu yake kwenye daftari la shule, ukurasa mmoja, na yuko tayari kuitoa bure.