Karo na Maziko Katika Mfuko Mmoja

Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa mpita njia: afanye kazi, alipwe, arudi kijijini. Hata mtaa wa Kaloleni ulipojengwa miaka ya 1940, ukiwa na nyumba za mawe zilizokusudiwa familia, karani au fundi wa reli aliyepewa nyumba humo hakuwa na uhakika wa kuzeekea mjini. Akifa, nani angelipia gari la kumfikisha kwao, tuseme Nyanza, magharibi mwa Kenya? Mwanawe akifaulu mtihani, nani angelipa karo?

Wajaluo wa Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo walijibu maswali hayo kwa vyama. Watu wa ukoo mmoja au lokesheni moja walikutana Jumapili, wakachanga shilingi na kuandika majina daftarini. Juu ya vyama hivyo vidogo ilisimama Luo Union, iliyokuwa na matawi kote Afrika Mashariki. Miaka ya 1950 iliongozwa na Oginga Odinga akiwa na cheo cha Ker, yaani kiongozi mkuu. Chama kilisafirisha maiti, kilihimiza elimu na kulinda mila.

Ulinzi huo ulikuwa na makali yake. Wanawake waliodhaniwa kuishi ovyo mjini walikamatwa na wanachama na kurudishwa kwao kwa nguvu. Heshima ya jamii ilipimwa kwa mwenendo wa mabinti, na wenyewe hawakuulizwa.

Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kukabiliana na Mau Mau, Ambrose Ofafa, diwani na kiongozi wa Luo Union, alipigwa risasi Kaloleni akafa. Jina lake lilipewa mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Kisumu nako, Wajaluo wa karibu na mbali walichanga hadi ukasimama ukumbi wa kumbukumbu yake, Ofafa Memorial Hall.

Mazoea hayo ya kuchanga yalikuwa yameshakomaa safari za masomo ng'ambo zilipoanza.

Tom Mboya, aliyechaguliwa na Waafrika wa Nairobi kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, aliufanya ukumbi wa Kaloleni kuwa jukwaa lake. Akishirikiana na Dkt. Julius Kiano, alitafuta nafasi katika vyuo vya Marekani. Huko Marekani, Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango ya nauli. Huku Kenya, jamaa na majirani walisaka fedha za matumizi. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa walionufaika. Abiria hawakuwa wa kabila moja: vyama vilichanga kwa ukoo, lakini ndege ilipakia Wakenya. Odinga naye alifungua njia nyingine, ya kuelekea Urusi na Ulaya Mashariki.

Baada ya uhuru, vyama vya kikabila vilishukiwa kuwa siasa iliyovaa kanzu ya ustawi. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza vivunjwe, Luo Union na GEMA, chama cha Wakikuyu, Waembu na Wameru, vikiwemo. Timu ya kandanda ya Luo Union ikaitwa Re-Union, na ile ya Waluhya, Abaluhya, ikawa AFC.

Koo, hata hivyo, hazikuvunjika. Wakili S. M. Otieno, aliyesomea sheria Bombay, alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulidai mwili wake. Kesi ilichukua miezi mitano, ukoo ukashinda, na Mei 1987 wakili huyo akazikwa Nyalgunga, Siaya.