Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wahenga waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, hawakuwa wakilifikiria gitaa. Hata hivyo ni shida kupata usemi unaoueleza kwa ufupi zaidi ule ufundi wa gitaa la umeme unaoitwa ugongaji wa vidole vingi. Aghalabu mkono wa kushoto wa mpigaji hukandamiza nyuzi shingoni mwa gitaa, na wa kulia huzicharaza karibu na tumbo lake. Katika ufundi huu mkono wa kulia huiacha kazi hiyo, ukapanda shingoni kuungana na mwenzake. Hapo vidole vya mikono yote miwili huzigonga nyuzi juu ya freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, na kila kidole hutoa sauti yake pasi na kucharaza. Mtu mmoja huweza hivyo kushika besi, kiitikio na sauti ya juu kwa wakati mmoja.

Ufundi huu haukuzaliwa Upare wala Tanga. Mmarekani Jimmie Webster alichapisha kitabu cha kuufundisha mwaka 1952. Mwaka 1969 Emmett Chapman aliugundua upya kwa njia yake, na baadaye akabuni ala mahsusi kwa ajili yake, aliyoanza kuiuza 1974. Umma wa dunia uliusikia hasa mwaka 1978, pale Eddie Van Halen alipotoa kipande kifupi kilichogongwa kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia kikisaidiana na vile vya kushoto. Stanley Jordan, katika santuri yake ya 1985, akaufikisha mbali zaidi: mkono mmoja ulipiga wimbo, na wa pili ukaufuatisha, kama kwamba gitaa ni kinanda.

Hiyo ndiyo nasaba inayotajwa vitabuni. Lakini swali ambalo ufundi huu unalijibu ni la zamani katika nchi iliyo baina ya Tanga na Kilimanjaro. Gitaa moja laweza kubeba sauti ngapi? Na zile zinazobaki, nani azibebe?

Kwa msikilizaji wa visiwani wazo la mikono miwili inayosema halina ugeni. Tangu zama za Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa Unguja mwaka 1905, taarabu imeiweka kanuni mahali pa heshima, na mpiga kanuni hudonoa nyuzi kwa vidole vya shahada vya mikono yote miwili. Mpenzi wa mashairi naye anaijua hali hiyo kwa jina jingine. Mshororo wa tarbia una ukwapi na utao, na kila upande una mizani yake na kina chake, wala hakuna unaoweza kutimiza maana peke yake. Mgongaji wa gitaa naye hutunga hivyo, mkono mmoja ukishika ukwapi na wa pili utao.

Kutoka pwani, njia ya kwenda bara ilifungua masikio pamoja na biashara. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na ilipofika 1911 ilikuwa imefika Moshi. Katikati ya safari hiyo, chini ya Milima ya Upare, ndipo ulipo mji wa Same. Upande mmoja kuna uwanda mkavu wa mkonge na michongoma. Upande wa pili milima yenye mvua na ukungu, ambayo kilele chake, Shengena, kina urefu wa mita 2,462.

Huko milimani wamisionari walitangulia kabla reli haijakamilika. Walutheri walifika Shigatini mwaka 1900, Waadventista Mamba mwaka 1903, na Mbaga ikapata kituo cha Kilutheri mwaka 1908. Pamoja na vitabu na shule, misheni zilileta uimbaji wa sauti nne: soprano, alto, tenor na besi. Wimbo mmoja uligawanywa kwa makundi manne, na kila kundi lilitakiwa lijue sauti yake bila ya kuzisahau za wenzake. Sikio lililolelewa katika kwaya ya namna hiyo halisikii wimbo kuwa ni uzi mmoja, bali ni nyuzi nne zilizosokotwa pamoja.

Gitaa kavu liliposhamiri Afrika ya Mashariki na Kati katika miaka ya 1950, lilikuwa chombo cha mtu mmoja. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikachomoza na wimbo juu yake, na wasikilizaji wengi walidhani wanasikia magitaa mawili. Kaskazini mwa Tanganyika jina kubwa lilikuwa la Frank Humplick, aliyezaliwa Moshi mwaka 1927 na kuimba pamoja na dada zake wawili. Sauti tatu za ndugu hao zilitosheka na gitaa moja. Humplick alizeekea Lushoto, alikofariki mwaka 2007. Anayetoka Moshi kwenda Lushoto hana budi kupita Same, na kwa hiyo milima ya Upare imesimama katikati ya maisha ya fundi huyo, kati ya alikozaliwa na alikofia.

Baadaye umeme uliingia katika muziki, na jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa mara ya kwanza haukuongeza kazi ya vidole vya mtu mmoja, bali uliipunguza. Katika bendi za dansi zile sauti zilizokuwa mkononi mwa mtu mmoja ziligawiwa watu. Mmoja alipiga solo, wa pili solo ya pili, wa tatu ridhimu na wa nne besi. Tanga ilikuwa kitovu cha mtindo huo. Bendi ya Young Nyamwezi, iliyoundwa na wahamiaji kutoka Unyamwezi katika miaka ya 1950, ndiyo iliyokuja kuwa Jamhuri Jazz; na Atomic Jazz ilikuwa mpinzani wake. Katika mji huohuo Black Star Musical Club iliingiza gitaa la umeme na la besi katika taarabu, hata mapigo ya dansi na ya nyimbo za mahaba yakawa majirani. Ndugu wawili waliotokea Jamhuri, Wilson na George Kinyonga, walihamia Arusha, kisha wakavuka kwenda Kenya na kuiunda Simba Wanyika mwaka 1971. Njia ya kutoka Tanga kwenda Arusha hupita Same.

Anayezisikiliza kwa makini rekodi za bendi hizo, na za Les Wanyika waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, atagundua kwamba hakuna gitaa linalosema neno zima. Ridhimu huanza, solo ya pili huikatiza, solo hujibu, na besi huacha pengo pale ambapo mguu wa mchezaji unapotaka kutua. Uzuri wake umo katika kupisha.

Mpango huo ulikuwa na upande wake wa pili. Vyombo vya umeme vilikuwa ghali, na katika bendi nyingi za Tanzania vilikuwa mali ya klabu, ya jumuiya au ya taasisi ya umma, si ya mpigaji. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa mfano ulioigwa na wengi. Kijana aliyetaka kujifunza gitaa hakuwa na la kwake nyumbani. Alijifunza mazoezini, kwa kumtazama mkubwa wake, na vidole vyake vilifuata zamu ya chombo. Aliyetoka katika bendi aliliacha gitaa nyuma.

Ugongaji wa vidole vingi unahitaji hali iliyo kinyume na hiyo. Sauti inayotoka kwa kugonga uzi ni dhaifu. Pasi na sumaku za gitaa na nguvu ya amplifaya haisikiki barabara. Unahitaji umeme, na unahitaji chombo kilicho mikononi mwa mtu kila siku. Kwa nchi ya Upare sharti la kwanza lina historia yake. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa chini ya milima hiyo katika miaka ya 1960, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 8. Lakini kuwa jirani ya bwawa si sawa na kuwa na waya nyumbani. Vijiji vingi vya Tanzania vilingoja mpaka baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Sharti la pili lilitimia pale magitaa ya bei nafuu yalipoanza kuuzwa madukani, na masomo ya ala yakaweza kutazamwa katika simu.

Basi mwanafunzi wa leo aliyeko Same aweza kuanza mahali ambapo babu yake hakupafikia. Huanza na uzi mmoja: shahada na chanda cha pete vya kushoto, na kidole cha kati cha kulia, sauti tatu zinazozunguka polepole. Kidole cha kulia kinapoondoka hakiinuki tu, huuvuta uzi kidogo pembeni ili sauti iliyo nyuma yake isikike. Zikisawazika hizo, huongezwa chanda cha pete cha kulia, kisha kidole cha mwisho, ambacho ndicho kivivu na ndicho kinachochelewesha wengi. Hufuata kuruka kutoka uzi hadi uzi, na mwisho kuitenga mikono, kila mmoja uwe na wimbo wake. Jordan, ili kurahisisha hilo, huzikaza nyuzi zake zote sita kwa nafasi zilizo sawa, ili umbo moja la vidole lifae popote shingoni.

Lakini tatizo kubwa la mwanafunzi si mwendo. Ni kelele. Nyuzi zisizoguswa hutetemeka zenyewe, na mpigaji asipozinyamazisha kwa kiganja, au kwa kitambaa kilichofungwa mwanzoni mwa shingo, sauti zote hugeuka rundo. Nusu ya ufundi huu ni kujua uzi upi ukae kimya, na kidole kipi kingoje.

Wapare wana somo la kale juu ya kungoja. Katika mabonde ya Same, kama lile la Makanya, maji ya vijito hukusanywa usiku katika ndiva, bwawa dogo la jamii, kisha hufunguliwa katika mifereji, na kila shamba hupata kwa zamu. Mifereji hiyo husafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo mtu hashiriki kwa kupenda bali kwa kuwa yeye pia hunywa maji hayo. Ndiva haina thamani ikiwa wote watafungua kwa pamoja. Maji hayatafika bondeni.

Bendi ya dansi ilikuwa ndiva ya namna hiyo, na sasa inakauka. Tangu miaka ya 1990 kompyuta na kinanda vimechukua nafasi ya wapigaji wengi, na mpiga solo ya pili ni mtu adimu. Mgongaji wa vidole vingi naye hukaa peke yake, na sauti zote anazo. Amepata uhuru ambao wapigaji wa zamani hawakuwa nao, kwani hakuna mwenye vyombo wa kumfungia mlango. Alichokosa ni yule jirani wa kulia aliyekuwa akimkatiza. Ndiyo maana wengi wanaojifunza peke yao hufika kwenye mbio na kusimama hapo: vidole vinane vinakimbia, wala hakuna kinachopisha.

Dawa yake haiko mbali na Same. Iko katika rekodi za Tanga, zinazofaa kusikilizwa gitaa moja moja mpaka kila sauti ijulikane kwa jina. Na iko katika kwaya za milimani, ambako mtoto bado aweza kusimama katika mstari wa alto na kujifunza kuimba asichokisikia mwenzake. Kijana aliyepita huko, akija kuigawa mikono yake shingoni mwa gitaa, atakuwa na watu wa kuwapa zamu. Kushoto atamweka mpiga besi na mpiga ridhimu, kulia solo na solo ya pili, na atajua ni yupi kati yao anayestahili kunyamaza.