Kutoweka kwa Hantkenina: visukuku vidogo vya Kilwa na upimaji wa wakati wa mashapo ya bahari

Ramani za jiolojia hutaja umri wa miamba kwa namba moja: miaka milioni 33.9, miaka milioni 66. Anayeisoma namba hiyo hudhani kwamba jiwe lenyewe limepimwa. Kwa sehemu kubwa ya mashapo ya baharini, halikupimwa. Kuna mtu aliyeliloweka, akaliosha juu ya chujio, akainamia hadubini na kutambua maganda ya viumbe wa seli moja, kisha akajiuliza ni wakati gani spishi hizo ziliishi pamoja. Jibu analolipata ni la mfuatano: tabaka hili limetangulia lile, likafuata jingine. Miaka huazimwa baadaye, kutoka kwenye majivu ya volkano, kugeuka kwa usumaku wa dunia au mizunguko ya obiti iliyosomwa mahali pengine. Nashikilia kwamba nguvu ya visukuku vidogo imo katika mfuatano huo, na kwamba mwambao wa Lindi na Kilwa umeonyesha kwa uwazi wa nadra masharti ambayo mfuatano huo lazima uyatimize kabla ya kuaminiwa.

Foraminifera wanaoelea, kundi la viumbe hao wa seli moja, wanaifaa kazi hii kwa sababu mikondo huwasambaza katika bahari nzima, spishi zao hubadilika upesi, na udongo wa kujaza kiganja unaweza kubeba mamia ya maganda yao. Lakini tukio la kuaminika zaidi katika historia ya spishi ni lipi: kutokea au kutoweka? Kutokea kwa spishi mara nyingi ni mageuzi ya polepole, na wataalamu wawili wanaweza kuchora mstari mahali tofauti. Kutoweka ni kukali zaidi. Wachorongaji wa mafuta waliligundua hili kwa njia ya kazi: vipande vya mwamba vinavyopandishwa na tope la kuchoronga huchanganyika na vile vilivyoporomoka kutoka kuta za kisima juu yake, kwa hiyo mahali spishi inapoonekana mara ya mwisho ukishuka hapaaminiki. Mahali inapoonekana mara ya kwanza ukishuka, yaani pale ilipotoweka katika historia, huaminika zaidi.

Mpaka kati ya Eosini na Oligosini umejengwa juu ya tukio la namna hiyo. Tangu 1992 kipimo chake rasmi kiko Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, kwenye tabaka ambalo Hantkenina na jamaa zake wanatoweka. Hawa ni foraminifera ambao vyumba vya maganda yao vimeota miiba mirefu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huwatambua. Massignano kuna pia tabaka za majivu zenye biotaiti, ambazo zimesaidia kuufunga mpaka huo na miaka. Hata hivyo, miamba yake imeganda kuwa chokaa na mali (chokaa iliyochanganyika na mfinyanzi), na maganda yaliyomo yamebadilika kikemia. Mahali panapotupa ufafanuzi wa mpaka hapawezi kutueleza vizuri bahari ilikuwaje wakati mpaka ulipopita.

Hapo ndipo Kilwa inapoingia. Kuanzia 2002, Mradi wa Uchorongaji Tanzania, uliowaunganisha watafiti wa Uingereza na wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulichoronga visima vifupi katika mashapo ya Kundi la Kilwa. Mashapo hayo ni udongo wa mfinyanzi uliotua kwenye mteremko wa bara, hayakuwahi kuzikwa kwa kina kikubwa, na mfinyanzi wake uliyazuia maji kupenya. Maganda yake bado yanang'aa kama kioo, yakiwa na kemia ambayo foraminifera wenyewe waliijenga walipokuwa hai. Mwaka 2001 maganda ya namna hii, baadhi yakiwa ya Tanzania, yalikwisha kutumika kuonyesha kwamba bahari za tropiki za Eosini zilikuwa na joto kubwa, kinyume na vipimo vya awali vilivyotokana na maganda yaliyobadilika katika sakafu ya bahari kuu.

Katika visima vya eneo la Pande, wilayani Kilwa, mpaka unapita ndani ya miamba choronge, yaani nguzo za mwamba zilizotolewa kisimani. Kundi la foraminifera la Turborotalia cerroazulensis linatoweka kwanza. Juu yake kidogo, spishi zote za Hantkenina zilizobaki zinakoma pamoja, na Pseudohastigerina, anayeendelea kuishi, anapungua ukubwa ghafla. Isotopu za oksijeni zilizopimwa kwenye miamba hiyo hiyo zinaonyesha kwamba badiliko la tabianchi lilikuja kwa hatua mbili, na kwamba Hantkenina alitoweka kati ya hatua hizo. Barafu kubwa ya Antaktika, inayoashiriwa na hatua ya pili, ilikuja baadaye.

Pengo hilo lilikuwa limefichika. Kisima namba 1218 cha uchorongaji wa bahari kuu, katika Pasifiki ya ikweta, kinabeba rekodi nzuri sana ya isotopu ya hatua zote mbili, lakini maji ya kina kile yaliyeyusha maganda ya Hantkenina. Palipokosekana kisukuku, ilikuwa rahisi kuuweka mpaka kwenye badiliko la isotopu na kuendelea na kazi. Kufanya hivyo ni kusogeza mpaka kwa muda mrefu, na zaidi ya hapo ni kuliita tukio moja kwa jina la jingine. Ukishafanya hivyo huwezi tena kuuliza kama barafu ndiyo iliyowaua viumbe hao, kwa kuwa jibu umeshalitia ndani ya kipimo chenyewe.

Swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa foraminifera wakubwa wa sakafu ya bahari isiyo na kina, hasa jamii ya Discocyclina. Kutoweka kwao kulihusishwa na kushuka kwa usawa wa bahari wakati barafu ilipojikusanya. Wanaoishi pwani na wanaoelea katika bahari wazi ni nadra kukutwa katika mwamba mmoja, kwa hiyo zoni (vipindi vinavyotambuliwa kwa spishi zake) za makundi haya mawili zililinganishwa kwa muda mrefu kupitia hoja za kuzunguka. Udongo wa Kilwa ulipokea mara kwa mara mchanga ulioporomoka kutoka kwenye kina kifupi, na makundi yote mawili yamo. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba hao wakubwa walitoweka kwenye mpaka au karibu nao sana, kabla ya hatua ya pili. Kwa maoni yangu haya ni kati ya matokeo yenye thamani kubwa kuliko yote yaliyotoka katika visima hivyo, kwa sababu sasa mwamba wa chokaa wenye Discocyclina, popote ulipo katika eneo la Bahari ya Hindi, una uhusiano uliothibitishwa na saa ya bahari kuu.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mchanga ulioporomoka unaweza kubeba visukuku vya zamani vilivyochimbuliwa upya, na spishi iliyokufa ikaonekana bado hai. Kweli, na ndiyo maana kisukuku kimoja hakitoshi. Chembe moja iliyochakaa juu ya mpaka haina uzito. Kundi zima la spishi zinazokoma kwa utaratibu ule ule katika zaidi ya kisima kimoja, pamoja na isotopu zinazokubaliana nazo, lina uzito.

Historia ya Lindi inatilia nguvu sharti hilo. Mwaka 1962 Eames, Banner, Blow na Clarke walichapisha kitabu cha ulinganishaji wa tabaka za katikati ya zama za Tasiari, wakitumia sampuli za Lindi zilizokusanywa katika utafutaji wa mafuta. Spishi walizozieleza, kama tapuriensis, bado zinatumika duniani kote. Lakini walifika pia mahali pa kudai kwamba mashapo mengi ya Amerika yaliyohesabiwa kuwa ya Oligosini yalikuwa ya Miosini, dai ambalo halikudumu. Sidhani tatizo lilikuwa macho yao. Maelezo yao ya maganda ni ya ustadi mkubwa. Sampuli zao zilitoka kwenye miamba inayojitokeza juu ya ardhi hapa na pale, bila mwendelezo unaomlazimisha mtafiti kuona kipi kilitangulia kipi.

Kwa hiyo ripoti za zamani za visima vya pwani yetu zinazotaja zoni peke yake zisomwe upya pamoja na sampuli zake, na miamba choronge ihifadhiwe kama nyaraka za msingi. Kazi hiyo inahitaji watu wenye miaka mingi kwenye hadubini. Joyce Singano wa Shirika la Petroli alikuwa mmoja wao. Mwaka 2014 spishi ya kale inayounganisha Hantkenina na jamii iliyoitangulia, Clavigerinella, iliitwa Hantkenina singanoi kwa heshima yake. Mwanzo wa ukoo huo, kama mwisho wake, umo katika udongo wa Tanzania, na huko mwanzoni mageuzi ni ya polepole kiasi kwamba mahali pa kuuchora mstari bado ni suala la kujengewa hoja, sampuli kwa sampuli.