Kaburi na Jina: Kutoka Bweranyange Mpaka Kaboya

SEHEMU YA 1: PLASTA

Wengi mmenizoea kwa mambo ya presha, chanjo na lishe ya wajawazito. Safari hii mnivumilie, naandika historia. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, na jambo hili limenikaa kichwani tangu mwaka jana.

Ni hivi. Mgonjwa akifariki wodini, kazi ya nesi inakuwa bado haijaisha. Tunamsafisha, tunamfunga taya, tunamnyoosha mikono, tunamfunika shuka. Kisha tunakata plasta na kuandika kwa peni: jina kamili, umri, kijiji, tarehe na saa. Plasta moja kwenye mwili, nyingine juu ya shuka. Nilipokuwa mwanafunzi, sista aliyenifundisha alikuwa anasoma kila plasta kwa sauti kabla mwili haujatoka. Nilidhani ni ukali tu. Siku familia mbili zilipofika mochwari kwa wakati mmoja, nikamwelewa.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, mwili ukitoka hospitali mara nyingi unakwenda kwenye kibanja. Kwa mnaosoma mkiwa mikoa mingine: kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Baba analala pale, babu pale, mtoto aliyefariki mdogo pale karibu na mgomba. Mtu akitaka kuuza kibanja, wanaukoo wanamuuliza kwanza: na makaburi je? Kwa hiyo wafu wetu wengi tunawapalilia sisi wenyewe, tukiwa tunapalilia migomba.

Sasa swali langu kwako: wale ambao hawakurudi nyumbani kuzikwa, wako wapi? Na majina yao ameandika nani?

SEHEMU YA 2: BWERANYANGE

Tuanze na wakubwa, maana wakubwa ndio walioandikwa kwanza.

Ukitaja Bweranyange kwa mzee wa Karagwe, atakaa vizuri kwenye kiti. Ndipo palipokuwa makao ya Omukama wa Karagwe, ukoo wa Bahinda. Omukama anayejulikana zaidi nje ni Rumanyika, ambaye jina lake leo liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019. Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant akabaki miezi kadhaa kwa sababu mguu wake ulivimba na kutoa usaha, hata kusimama ikawa shida. Aliandika kwamba miongoni mwa dawa alizowekewa ilikuwepo ya mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Wauguzi wenzangu, msinicheke, lakini nikisoma maelezo ya ule mguu nasoma kama faili la mgonjwa wangu. Alipoondoka Aprili 1862, alibebwa kwenye machela.

Speke ndiye aliyeandika jinsi alivyosimuliwa kuhusu mazishi ya mmoja wa wafalme waliotangulia. Mwili haukufukiwa. Ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa kwenye mtumbwi ziwani kwa siku tatu, kisha ukapelekwa mlimani na nyumba ikajengwa juu yake. Katika simulizi hiyo, wasichana watano na ng'ombe hamsini waliingizwa mle ndani na mlango ukafungwa.

Soma tena hapo. Mfalme ana mlima, ana nyumba, ana simulizi iliyofika mpaka London na kuchapishwa mwaka 1863. Wale wasichana watano wametajwa kwa idadi, sawa na ng'ombe. Walikuwa mabinti wa mtu. Kuna kibanja mahali fulani ambako mama alisubiri.

Sisemi tumdharau Omukama. Nasema ukifika Bweranyange, wakumbuke na wale watano.

SEHEMU YA 3: WALIOBEBA MIZIGO

Vita Kuu ya kwanza ilitukuta tukiwa chini ya Wajerumani, na Uganda ikiwa chini ya Waingereza. Yaani mpaka ulikuwa hapa hapa kwetu. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, wanajeshi wa Uingereza waliovuka ziwa kutoka Kisumu walishambulia Bukoba na kuharibu kituo cha mawasiliano ya redio. Miongoni mwao alikuwemo Frederick Selous, mwindaji maarufu, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 60.

Selous hakufia Bukoba. Aliuawa Beho Beho, bonde la Rufiji, Januari 1917. Kaburi lake lipo mpaka leo na lina jina lake. Pori kubwa kabisa la akiba lilipewa jina lake pia, kabla sehemu yake kubwa haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Sasa fikiria waliombebea mizigo yeye na wenzake. Pande zote mbili zilichukua wanaume wa vijijini kuwa wapagazi: risasi kichwani, unga kichwani, majeruhi kwenye machela. Jina Kariakoo, ambalo wewe unalijua kwa soko, limetokana na kikosi chao cha wapagazi kwa Kiingereza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hayo ni magonjwa ninayoyaona kila wiki, na mengi yanatibika kwa maji ya mshipani na dawa ambazo hata zahanati ya kata inazo.

Dar es Salaam kuna Mnara wa Askari, uliozinduliwa mwaka 1927. Umewekwa kwa heshima ya askari wa Kiafrika na wapagazi, na maandishi yake yapo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Ukiuzunguka wote, hutakuta jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021, tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi kwamba zaidi ya watu 100,000 waliokufa wakiitumikia dola yao, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda idadi ni kubwa zaidi.

Yaani waliandika uzito wa mzigo, hawakumwandika aliyeubeba.

SEHEMU YA 4: KABOYA

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka jana tulimlaza mzee mmoja, moyo umechoka, miguu imevimba. Nimemwomba ruhusa niandike habari hii, naye amekubali, mradi nisitaje jina wala kijiji. Alikuwa anaongea usiku, usingizi haumjii. Akajua naenda Muleba kwenye harusi. Akaniambia, "Sista, ukipita Kaboya niangalizie kaka yangu."

Vijana, nawakumbusha kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo letu la kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni la Uganda. Siku mbili baadaye wakalivunja daraja la Kyaka. Raia wengi waliuawa, wengine wakakimbia bila kitu. Ukipita Kyaka leo, yale magofu ya kanisa kule kilimani ni ya vita hiyo. Jeshi letu, likiwa na mgambo, polisi, magereza na JKT, lilipanuka kutoka askari wapatao 40,000 hadi zaidi ya 150,000. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni vita ikawa imekwisha.

Waliokufa waliletwa Kaboya, wilaya ya Muleba, wakazikwa pamoja. Pana makaburi ya mamia ya askari na mnara mweupe wenye majina. Siku ya Mashujaa, 25 Julai 2014, Rais Kikwete alikuwa pale. Kutoka kwetu unapita Kyaka, unashika njia ya Bukoba, kisha unaelekea Muleba. Ni kama nusu siku ukiunganisha magari.

Kaka wa mzee aliondoka akiwa kijana. Taarifa ilipokuja, ilisema amefariki, basi. Miaka baadaye mwenzake wa kikosi aliwaeleza nyumbani kwamba lori lilipinduka. Mzee aliponiambia hilo alishusha sauti. Baba yao hakupenda lisemwe. Majirani walikuwa wanasema mtoto wao kapigana na Amin, na wao wakanyamaza na lori lao.

Sasa sikia. Waandishi wawili waliofuatilia vita ile kwa karibu, Tony Avirgan na Martha Honey, waliandika kwenye kitabu chao cha mwaka 1982 kwamba kati ya askari wa Tanzania 373 waliohesabiwa kufa, waliokufa kwenye mapigano yenyewe walikuwa 96. Hesabu hutofautiana kati ya chanzo na chanzo, lakini jambo lenyewe linaeleweka: vita inaua hata pale isipopiga risasi. Barabara mbovu, usiku bila taa, dereva hajalala.

Nilifika Kaboya nikiwa na nguo za harusi kwenye mfuko. Nikajieleza, nikaruhusiwa. Nikasoma majina taratibu, kidole hewani, kama ninavyosoma plasta. Nililiona. Nikasimama pale muda kidogo, kisha nikalipiga picha.

Hospitali tunajaza fomu, na kwenye fomu kuna mahali pa sababu ya kifo. Ule mnara una majina tu. Aliyepigwa risasi na aliyeangukiwa na lori wako kwenye orodha moja.

Nikamwonyesha mzee kwenye simu. Nikamsomea. Nikamwambia hilo la sababu. Alinyamaza, akaishika simu kwa mikono miwili, akauliza kitu kimoja tu: "Panapaliliwa?"

Nikamwambia ndiyo baba, panapaliliwa.

SEHEMU YA 5: MTO

Nisingependa kuandika sehemu hii, lakini nikiiruka nitakuwa nimewaficha.

Mto Kagera unapita kati yetu na Rwanda, unapanda kaskazini pembeni mwa Karagwe na Kyerwa, unakata kona kuelekea mashariki huko Murongo, unapita Kyaka na kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Uganda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto huo ulibeba miili. Watu wazima wa kando ya mto wanakumbuka. Waulize kwa upole, na wasipotaka kusema waache.

Miili iliyofika ziwani iliopolewa na wavuvi na wanakijiji wa Uganda. Ilizikwa sehemu tatu, Kasensero, Lambu na Ggolo, na leo pana kumbukumbu zake. Wote kwa pamoja ni zaidi ya 10,000. Kule hakuna mnara wa majina kama wa Kaboya, kwa sababu hakuna aliyejua majina. Mtu alitolewa majini akiwa hana kitambulisho, hana ndugu, hana kijiji.

Wodini ikitokea tumeletewa mtu hivyo, kwenye plasta tunaandika "asiyejulikana" na tarehe. Nimeliandika neno hilo mara chache, na kila mara peni inakuwa nzito. Wale wavuvi hawakuwa na plasta. Walichimba, wakafukia, wakahesabu. Mtu akiniuliza mashujaa wa mwaka ule kando ya ziwa ni nani, nitawataja hao.

SEHEMU YA 6: NAFASI ILIYOBAKI

Mzee aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mwezi uliofuata nilikwenda kumpima presha, nikakuta kibanja kisafi, migomba imetandazwa nyasi. Akanionyesha kaburi la baba, kaburi la mama, na katikati yao mahali padogo pasipopandwa kitu. Mama yao alipaacha hivyo tangu 1979. Hakulima pale, hakuruhusu mtu alime, mpaka anafariki.

Mzee anasema hataki tena mwili uletwe. Kaka yake ana wenzake kule. Anataka tu jina liandikwe pale, kwenye saruji ndogo, na wajukuu wajue kwamba mwenyewe yuko Kaboya na wajue barabara ya kufika.

Basi naomba jambo moja kwako unayesoma. Wiki hii, kaa na mzee wa nyumbani kwenu. Chukua daftari la kawaida la shule. Andika kila kaburi la kibanja chenu: jina kamili, mtoto wa nani, mwaka kama unajulikana, na liko karibu na nini. Usiandike "karibu na mgomba mkubwa," migomba inakatwa. Andika hatua ngapi kutoka pembe ya nyumba. Kisha andika ukurasa wa pili: waliotoka wakazikwa kwingine, na wapi. Vita, uvuvi, migodi, safari. Kama sababu ya kifo inawatia aibu wazee, iacheni, andikeni jina. Ukimaliza, lisome kwa sauti mbele ya mzee, naye akurekebishe.

Mzee wangu alinirekebisha. Nilikuwa nimeandika jina la kaka yake na la baba yake tu, akaniambia niongeze na jina la utani walilomwita nyumbani, maana ndilo mama alilokuwa anamwitia.

Naingia zamu saa mbili usiku. Nitasoma mtakayoandika asubuhi.