Draiva Iliyopotea

Tuseme, msomaji, kwamba umeketi Chaka, kando ya barabara iendayo Nanyuki, na mbele yako pana tableti kuukuu uliyonunuliwa na mzazi wako. Fundi ameufuta mfumo wa zamani na kutia mpya. Tableti yawaka, lakini kioo hakisikii kidole, wala sauti haitoki. Je, imekufa? La, haikufa. Imekosa draiva, yaani programu iuwezeshayo mfumo kusemezana na kifaa kilichomo ndani.

Shida hii ina historia. Mwaka 1992 Intel walitoa njia iitwayo PCI, ambayo kwayo kila kifaa hujitaja kwa namba ya mtengenezaji na namba yake chenyewe. Namba ya Intel ni 8086, ndiyo ya kichakataji chao cha mwaka 1978; nadhani aliyeichagua alikuwa akicheka.

Vichakataji vya Atom, vilavyo umeme kidogo, vilipotokea mwaka 2008, mambo yalianza kuwa magumu tena. Katika tableti nyingi kioo hakipiti PCI, wala hakiwezi kujitaja. Jina lake huandikwa na kiwanda. Vioo vingi vya bei nafuu vyaitwa MSSL1680, kumbe kila muundo wahitaji faili yake ya vipimo. Tia faili ya tableti nyingine, nawe utagusa kushoto ujibiwe kulia!

Kisa kikubwa ni cha Clover Trail, Atom ya mwaka 2012. Sehemu yake ya picha ilitokana na kampuni ya Imagination Technologies ya Uingereza. Toleo jipya la Windows 10 lilipotoka mwaka 2017, draiva mpya ya picha haikupatikana, na mashine hizo zikazuiwa kulipokea. Microsoft waliahidi masahihisho ya usalama tu, hadi Januari 2023. Mashine nzima, za miaka michache, zikaachwa njiani. Mimi naona huo ulikuwa uonevu kwa wanunuzi.

Basi chomeka kipanya, ufungue orodha ya vifaa ya Windows. Kisichojulikana kina alama ya manjano. Nakili kitambulisho chake: baada ya VEN ni mtengenezaji, baada ya DEV ni kifaa. Kisha tafuta draiva kwa aliyeiunda tableti, kwa muundo ule ule ulioandikwa mgongoni. Lakini kama mfumo wa zamani ungalipo, mwombe fundi angoje. Windows 10 ina amri iitwayo dism, iwezayo kuzitoa draiva zilizoongezwa na kuziweka katika flashi. Na mara nyingi faili ile ya vipimo vya kioo imo humo.