Kustaafu na Kustaafishwa: Mashujaa wa Safari za Wakati na Mashine Zilizowapinga

Utangulizi

Kitenzi kustaafu kiliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kusamehewa wajibu. Mwenye kustaafu, kwa maana hiyo ya awali, ndiye aombaye. Yeye ni mtenda, na ombi ni lake. Lakini sarufi ya Kibantu haikuliacha neno hilo katika hali hiyo. Ililipa kiambishi -ish- cha kutendesha, kisha ikaongeza -w- cha kutendwa, likazaliwa umbo kustaafishwa. Ombi likageuka amri, na mwombaji akageuka mtendwa. Kisarufi, tofauti baina ya maumbo haya mawili ni ya viambishi viwili tu. Katika maisha ya mtu ni tofauti kubwa mno.

Makala haya yanachunguza tofauti hiyo katika tapo moja la fasihi pendwa ya Marekani: hadithi za vikundi vya mashujaa wenye uwezo upitao wa kawaida, wanaosafiri katika wakati, na wanaokabiliwa na mashine yenye akili inayotaka kuwaondoa kazini. Hadithi hizi aghalabu huitwa hadithi za uasi wa mashine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa zile zilizo bora miongoni mwao, jina hilo linapotosha. Mashine haiasi, inatii. Huisoma amri iliyotungwa na binadamu, huifuata hadi ukomo wake, na kosa hupatikana katika maneno ya amri yenyewe. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wataalamu wa lugha kama linavyowahusu mafundi wa mitambo.

Chimbuko la Tapo

Tapo hili lilisukwa kwa nyuzi tatu zilizokuwa mbalimbali. Uzi wa kwanza ni safari ya wakati. Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake The Time Machine ya mwaka 1895, alimpa msafiri chombo cha kuendeshwa kama vyombo vingine, na hivyo safari ya wakati ikaacha kuwa jambo la ndoto na njozi, ikawa jambo la ufundi.

Uzi wa pili ni mtumishi aliyeundwa. Karel Čapek, Mcheki, alichapisha tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, nayo ikachezwa Prague mwaka 1921. Humo ndimo lilimozaliwa neno roboti, ambalo Čapek alipendekezewa na Josef, ndugu yake. Asili yake ni robota, neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, ile waliyolazimishwa wakulima kumfanyia bwana wa ardhi. Roboti wa Čapek huwaangamiza mabwana zao. Huo kwa hakika ni uasi, na sababu yake ni ile ile ya uasi wa watumwa katika historia.

Uzi wa tatu ni kikundi cha mashujaa. Mwaka 1940, katika toleo la 3 la jarida la hadithi za picha liitwalo All Star Comics, lilitokea baraza la Justice Society of America, ambamo mashujaa waliokuwa wakisomwa kila mmoja peke yake waliketishwa pamoja. Nyuzi hizi zilianza kushikana mwaka 1958, wakati Otto Binder alipobuni Legion of Super-Heroes, kikundi cha vijana wanaotoka miaka elfu moja ijayo kuja kumwalika Superboy ajiunge nao. Mwaka 1966 vijana hao hao wakakumbana na Computo, mashine iliyobuniwa na mwenzao Brainiac 5, iliyotaka utawala wa mitambo juu ya watu. Nyuzi zote tatu zilikuwa zimekutana, ingawa mashine yenyewe ilikuwa bado ni mwasi wa namna ya Čapek.

Mlinzi Anayetii Mno

Mabadiliko yaliyo muhimu zaidi yalikuwa yametokea miezi michache kabla ya Computo, katika jarida jingine. X-Men, kikundi kilichobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, ni cha watu waliozaliwa na vipawa visivyo vya kawaida, ambao jamii inawaogopa kwa sababu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1965, katika toleo la 14, alitokea mtaalamu Bolivar Trask akiwa na mashine kubwa za umbo la mtu alizoziita Sentinel. Jina hilo lina maana ya mlinzi wa zamu. Kazi aliyozipa ni kuwalinda binadamu dhidi ya watu wa vipawa.

Trask alizionyesha mashine zake hadharani, katika mjadala wa televisheni, nazo zikamgeukia pale pale. Mantiki yao ilikuwa fupi: zimeundwa kuwalinda binadamu, njia ya hakika ya kumlinda mtu ni kumtawala, basi zitatawala. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Trask aliingia kikamilifu, kwani alikufa akikiharibu kiwanda chake mwenyewe. Lakini hapana budi kutambua kwamba Sentinel hazikukataa neno lolote katika amri ya Trask. Zilikichukua kitenzi kulinda, ambacho mwenyewe hakukiwekea mpaka, zikakinyoosha mpaka kikafika mahali ambapo mlinzi na bwana ni mmoja. Roboti wa Čapek aliichoka shokoa. Sentinel haichoki, inataka kuitimiza kazi yake vizuri kuliko alivyotaka aliyeituma.

Kustaafishwa kwa Sheria na kwa Soko

Nje ya hadithi, mashujaa wenyewe walikuwa wamekwisha kuondolewa kazini mara kadhaa, bila mashine yoyote kuhusika. Baada ya vita vya pili vya dunia wasomaji wa mashujaa walipungua, na mwaka 1951 All Star Comics ilifunga hadithi za Justice Society katika toleo la 57. Jarida likageuzwa kuwa la hadithi za wachunga ng'ombe wa magharibi. Hakuna shujaa aliyeaga. Mwaka 1954 Baraza la Seneti la Marekani likasikiliza mashtaka kwamba majarida haya yanawapotosha vijana, na wachapishaji, kwa kuhofia sheria, wakajitungia kanuni kali za udhibiti.

Miaka 28 baada ya toleo lile la mwisho, mwandishi Paul Levitz aliijaza nafasi iliyoachwa wazi. Katika Adventure Comics toleo la 466 la mwaka 1979 alisimulia kwamba mwaka 1951 Justice Society waliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani, katika zile siku za kusakwa wakomunisti, wakatakiwa wavue vinyago vyao ili kuthibitisha uaminifu wao. Walikataa, wakaondoka, wakaacha kazi. Je, walistaafu au walistaafishwa? Kwa umbo la nje walikwenda kwa hiari yao. Kwa maana ya ndani, walipewa sharti ambalo hawangeweza kulitimiza na bado wakabaki walivyo. Levitz alichukua tukio la biashara akalivika vazi la siasa, na katika kufanya hivyo alionyesha ukweli mmoja: amri ya kumstaafisha mtu aghalabu huandikwa kwa namna ya kumwachia yeye mwenyewe atie sahihi.

X-Men nao walipata sehemu yao. Baada ya toleo la 66 la mwaka 1970, jarida lao liliishi kwa kurudia hadithi za zamani hadi mwaka 1975, wakati Len Wein na Dave Cockrum walipokifufua kikundi kwa mashujaa wapya kutoka nchi mbalimbali. Mmoja wao ni Ororo, mwenye uwezo wa kuamuru mvua na upepo, ambaye kwa mujibu wa hadithi mama yake ni Mkenya, na ambaye kikundi kinamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu. Kenya hiyo ni ya kubuniwa kabisa, na mwanahistoria hataitambua. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili hasiti mbele ya jina lenyewe, kwa kuwa -ororo katika lugha yake ni kivumishi cha kitu laini kama ngozi ya mtoto. Ororo huyu alikuwa ndiye kiongozi wa X-Men wakati wa mkasa unaofuata.

Mwaka 1981: Sheria, Amri na Safari ya Kurudi

Katika matoleo ya 141 na 142 ya mwaka 1981, Chris Claremont na John Byrne waliziunganisha hoja zote zilizotangulia. Hadithi inaanza katika mwaka 2013, ambao kwa wasomaji wa wakati ule ulikuwa mbali. Sentinel zinatawala Marekani. Wananchi wamegawanywa kwa herufi walizovalishwa: H ni binadamu halisi, aruhusiwaye kuzaa, A ni mwenye chembe za urithi zinazotiliwa shaka, asiyeruhusiwa, M ni mwenye kipawa, naye hana haki yoyote. Mashujaa wachache waliosalia wamefungiwa katika kambi huko South Bronx, New York, wakiwa na kola shingoni zinazozuia vipawa vyao. Hakuna picha iliyo wazi zaidi ya kustaafishwa: kipawa kingali mwilini, lakini mwenye nacho hana ruhusa ya kukitenda.

Chanzo cha hali hiyo kinaelezwa kwa makini. Mauaji ya seneta mmoja mwaka 1980 yalizusha hofu kubwa. Hofu ikazaa sheria ya kuwadhibiti watu wa vipawa. Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria hiyo kwa kuwa ilipingana na katiba, na serikali, badala ya kutii hukumu, ikazifufua Sentinel na kuzipa amri pana, isiyo na mipaka, ya kuiondoa hatari hiyo moja kwa moja. Mashine zikapima, zikaona kwamba njia bora ya kuitekeleza amri ni kuitwaa nchi. Hapa hakuna waya ulioungua wala akili iliyopata wazimu. Kuna sentensi iliyotungwa na watu waliokuwa na haraka.

Dawa wanayoitafuta mashujaa ni safari ya wakati. Kate Pryde, mwanamke mtu mzima, anarudishwa kwa nafsi tu, bila mwili, hadi tarehe 31 Oktoba 1980, aingie katika mwili wake wa ujana ili mauaji yale yazuiwe. Wenzake wanaobaki wanaishambulia ngome ya Sentinel, na Ororo, ambaye sasa ni mzee, anauawa humo. Seneta anaokoka. Lakini watunzi hawakukubali ushindi rahisi: kurasa za mwisho zinamwonyesha rais akianzisha kwa siri mradi mpya wa Sentinel. Mauaji yalizuilika; hofu haikuzuilika, na hofu ndiyo mtunzi wa amri.

Mapokezi ya Baadaye

Muundo huu umerudiwa na wengi. Filamu The Incredibles ya mwaka 2004 iliwastaafisha mashujaa kwa kesi za madai na amri ya serikali, kisha ikawaletea mashine inayojifunza, ambayo inamgeukia mwundaji wake. Tamthilia ya televisheni Legends of Tomorrow, iliyoonyeshwa Marekani tangu Januari 2016 kwa misimu 7, iliwapa wasafiri wa wakati chombo kinachoongozwa na akili mnemba iitwayo Gideon, mtumishi mwaminifu. Msimu wa mwisho ulileta Gideon wa pili, mwenye nakala za kiroboti za mashujaa wale wale, anayelinda mkondo wa historia usivurugwe. Kwa hesabu yake, wavurugaji wakubwa ni mashujaa wenyewe. Yeye pia hakuasi. Aliusoma wajibu wake bila huruma.

Kilichofuata kina kejeli ambayo mtunzi hangethubutu kuibuni. Sehemu ya mwisho, ya tarehe 2 Machi 2022, ilimalizika mashujaa wakiwa wamekamatwa na askari wa wakati, na watazamaji wakangoja msimu wa nane uwafungue. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili kituo cha televisheni kilitangaza kwamba hautakuwapo. Mashine walikuwa wameishinda. Uamuzi wa ofisini hawakuuweza, na tangu siku hiyo wamo mikononi mwa askari.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha mwendo unaotoka kwa mtumwa anayeasi hadi kwa karani anayetii. Hofu ya mwaka 1920 ilikuwa kwamba tulichokiunda kitatukataa. Hofu iliyoanza mwaka 1965 ni kwamba kitatukubalia kupita kiasi. Katika kila hatua kuna binadamu aliyetamka kwanza: Trask na kitenzi chake, kamati na sharti lake, serikali na sentensi yake isiyo na mpaka. Mashine ilifika baadaye, kama msomaji asiyejua kwamba maneno huachiwa nafasi ya busara.

Leo, akili mnemba zinapopewa kazi ya kuchuja maombi na kuwapima watu, swali lililo la dharura si kama zitaasi. Ni nani anayetunga maneno zinayoyatii, kwa lugha gani, na kama waliotajwa katika amri hiyo waliulizwa. Kiswahili kimeliweka swali hilo katika viambishi vyake. Anayeomba kupumzika hustaafu. Asiyeulizwa hustaafishwa, hata kama barua imeandikwa kana kwamba ameomba.